Imeunganishwa, Hakuna Intaneti

Maneno hayo matatu yameharibia watu usiku Nairobi kuliko mbu. Waifai iko, ile feni ya mistari imejaa hadi juu, lakini kando yake kuna alama ya mshangao na hakuna kinachofunguka. Unazima ruta, unahesabu hadi thelathini kwa sababu kuna mtu aliwahi kusema thelathini, unawasha. Bado. Unataka kumwandikia jirani, unakumbuka huna neti ya kumwandikia, unatoka hadi kwenye korido na kuuliza kwa mdomo: "Kwako iko?"

Swali hilo la korido lina akili. Linauliza ni wapi imekatika, na hapo ndipo kazi yote ilipo. Mtaani tunasema "waifai imepotea" hata wakati waifai haijapotea popote. Waifai ni zile mita chache kati ya simu yako na ruta. Intaneti ni njia yote iliyobaki: waya unaopanda hadi kwenye nguzo ya stima, vyumba vya mitambo mjini, kebo iliyolala chini ya bahari kutoka Mombasa. Kati ya kitanda chako na ile video kuna vituo vingi, na kila kituo kina mwaka wake wa kuzaliwa, wenyewe wake na ugomvi wake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hebu tutembee njia hiyo kituo kwa kituo, tukianzia chumbani. Mwisho wake kuna swali ambalo Wakenya waliuliza mwezi wa Juni 2024.

Simu inajuaje?

Tuanze na mshtaki. Simu inajuaje kwamba hakuna intaneti?

Simu ya Android ikiingia kwenye waifai hutuma swali dogo kwa seva ya Google. Inaomba ukurasa usio na kitu ndani. Jibu linalotarajiwa ni nambari 204, ambayo kwa lugha ya wavuti ni kama kusema: nimekusikia, sina cha kukupa. Jibu likifika, simu inanyamaza. Lisipofika, au ikirudi karatasi nyingine, tuseme ukurasa wa kukuambia ulipie kwanza, ndipo inakuandikia yale maneno. iPhone nayo inaiuliza Apple na kungoja neno moja, "Success". Windows, tangu enzi za Vista, inaiuliza Microsoft.

Kwa hivyo "hakuna intaneti" kwa maana yake halisi ni "kampuni iliyonitengeneza haijanijibu". Mara nyingi ni kitu kimoja. Lakini mwaka 2020 toleo moja la Windows 10 lilikuwa na kasoro mahali hapo, na watu wakawa wanafungua tovuti zao kama kawaida huku kompyuta ikisisitiza kwamba hakuna intaneti. Kuna programu zilizoamini kompyuta na kukataa kufanya kazi. Ujumbe ule ni ushahidi wa shahidi mmoja. Ukitaka ukweli, uliza na wengine.

Hewa

Shahidi wa kwanza ni hewa ya chumbani. Hadithi yake inaanza kwenye visiwa.

Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta kubwa Honolulu na watu wa kuitumia waliotawanyika ng'ambo ya maji. Norman Abramson na wenzake wakaunganisha vyombo vyao kwa redio, mtandao ulioitwa ALOHAnet. Tatizo lilikuwa rahisi kueleza: wawili wakiongea kwa wakati mmoja kwenye redio moja, hakuna anayesikika. Dawa yao ilikuwa ya kibarazani. Ongea. Ukigongana na mwenzako, nyamaza kwa muda wa kubahatisha, kisha jaribu tena. Waifai ya leo ni mjukuu wa adabu hiyo, isipokuwa yenyewe husikiliza kwanza kabla ya kufungua mdomo.

Kisha kuna suala la ardhi. Masafa ya redio yana wenyewe kama ploti: stesheni hii hapa, jeshi pale, simu kule. Mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kwamba vipande fulani vya masafa vingetumiwa na mtu yeyote bila leseni. Vilikuwa vipande vya takataka. Kimojawapo, cha gigahezi 2.4, ndicho kinachotumiwa na maikrowevu za jikoni, na hakuna kampuni kubwa iliyokitaka. Waliokichangamkia ni watu kama NCR, kampuni ya mashine za kaunta za kulipia dukani, iliyotaka mashine zake ziwasiliane bila kuvutiwa nyaya kila duka linapopangwa upya. Wahandisi wake waliokuwa Uholanzi wakaingia kwenye kamati ya viwango chini ya Vic Hayes, na mwaka 1997 kiwango kikatoka kikiitwa 802.11. Jina la namna hiyo haliuziki. Mwaka 1999 kampuni ya kubuni majina ya Interbrand ikaja na "Wi-Fi".

Ndiyo maana waifai yako inasumbuka kwenye fleti za Roysambu au Pipeline. Uko kwenye ardhi ya bure, na ardhi ya bure hujaa. Kwenye gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizokanyagana, ya 1, ya 6 na ya 11, na ploti moja inaweza kuwa na ruta ishirini, kila moja ikisubiri zingine zinyamaze. Ukiona mistari imejaa lakini kila kitu kinatambaa, huenda ni foleni ya hewani. Hamia gigahezi 5 ukiwa karibu na ruta, maana ukuta wa mawe hauipendi hiyo. Lakini kama simu inasema imeunganishwa na hakuna kitu kabisa, hewa imeshafanya kazi yake. Twende mbele.

Nyumba namba tano

Fungua maelezo ya waifai kwenye simu yako uone anwani uliyopewa. Kuna uwezekano mkubwa inaanza na 192.168. Mtu aliye Kisumu naye ana hiyo hiyo. Na wa Kariakoo, na wa London.

Mwaka 1981, anwani za intaneti zilipopangwa, zilitengewa nafasi ya karibu bilioni 4.3. Wakati huo kompyuta za mtandao huo zilihesabika kwa mamia, kwa hivyo bilioni nne ilikuwa kama kununua sufuria ya harusi kwa ajili ya mtu mmoja. Kufikia miaka ya tisini ilikuwa wazi kwamba sufuria haitatosha. Mwaka 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha njia ya kuungaunga: nyumba nzima itumie anwani moja ya nje, na ndani kila mtu apewe anwani ya bandia. Mwaka 1996 vikatengwa rasmi vikundi vya anwani za ndani ambazo mtu yeyote duniani anaweza kuzitumia tena na tena. 192.168 ni kimojawapo.

Ni kama nyumba namba tano. Kila ploti ina namba tano, na barua iliyoandikwa "namba tano" peke yake haifiki kwa mtu. Ruta yako ni keyateka. Inajua ni nani wa ndani aliyetuma nini, na jibu likija langoni inalipeleka kwenye mlango sahihi. Hata anwani ile ya nje mara nyingi si yako peke yako, kwa sababu watoa huduma wengi wamejenga ploti ndani ya ploti, wateja mamia wakitoka kwa lango moja.

Hapa kuna vipimo viwili vya bure. Kama anwani ya kompyuta yako inaanza na 169.254, keyateka amelala: hukupewa anwani, kompyuta imejitungia yake, na shida iko ndani ya nyumba. Hapo kuzima na kuwasha ruta kunasaidia kweli. Kama umepewa anwani nzuri, tazama taa za kifaa cha faiba. Faiba hubeba mwanga, na ile taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwako. Pengine waya umepindwa nyuma ya kochi. Pengine lori limeukata barabarani, au nguzo imeanguka. Hata ukizima ruta mara kumi, mwanga hautarudi kwa huruma. Piga simu kwa mtoa huduma, mwambie "LOS ni nyekundu", na utaona jinsi mazungumzo yanavyofupika.

Na kama taa zote ni kijani, angalia pia kama umelipa. Kifurushi kilichoisha ni ugonjwa wa zamani, na hauonekani kwenye taa yoyote.

Kelele ndani ya maji

Kutoka hapa kwenda mbele hatuoni tena kwa macho. Tunahitaji fimbo ya kipofu, na fimbo hiyo ina jina la mtu.

Desemba 1983, Mike Muuss alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la Marekani huko Maryland. Mtandao wao ulikuwa unafanya mambo ya ajabu na hakuna aliyejua ni wapi. Muuss aliwahi kusoma jinsi manowari zinavyotafutana kwa sauti: unapiga mlio ndani ya maji, unangoja mwangwi, unapima muda. Akaandika programu inayofanya hivyo kwa kompyuta. Inatuma kitu kidogo, inangoja kirudi, inasema kilichukua muda gani. Akaiita *ping*, ule mlio wenyewe. Alimaliza usiku sana, na kumbe hitilafu aliyokuwa akiitafuta ilikuwa imeshatengenezwa. Fimbo ikabaki.

Miaka michache baadaye, Van Jacobson wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California akaandika ya pili, *traceroute*. Kila paketi ya intaneti hutoka nyumbani na hesabu ya pumzi, na kila kituo inachopita kinapunguza moja. Pumzi zikiisha, kituo kinaiua na kumwandikia mwenyewe: paketi yako imefia kwangu. Jacobson aliona kwamba hizo taarifa za msiba zinaweza kuchora ramani. Tuma paketi yenye pumzi moja, itakufa kwenye ruta yako na ruta itajitaja. Tuma yenye mbili, itafia kwa mtoa huduma. Tatu, mbele kidogo. Orodha inayotoka ni njia yako, kituo kwa kituo, hadi pale taarifa zinapokoma.

Programu hizi ziko kwenye kompyuta yoyote, na za simu zinapatikana bure. Anza na ruta: *ping 192.168.1.1*, au anwani yoyote ile ruta yako inayojiita. Ikijibu, nyumba iko sawa. Kisha piga *ping 8.8.8.8*, seva ya Google ambayo kazi yake tutaiona sasa hivi. Ikijibu hiyo pia, nje kunafikika. Basi mbona tovuti hazifunguki?

Kitabu cha majina

Kompyuta hazijui majina. Zinajua namba. Siku za kwanza za mtandao wa ARPANET, mama wa intaneti, majina yote na namba zake yalikaa kwenye faili moja lililotunzwa California, katika taasisi ya SRI, na ofisi iliyoongozwa na Elizabeth Feinler. Ukitaka kompyuta yako ijulikane duniani, uliwasiliana na ofisi hiyo wakakuandika kitabuni. Faili likawa refu mno, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa kuligawa: kila tawi litunze majina yake. Mfumo huo ndio DNS.

Tawi la Kenya, .ke, lilisajiliwa mwaka 1993 kupitia Shem Ochuodho, msomi wa kompyuta ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Rangwe. Kwa miaka kadhaa liliendeshwa kwa msaada wa Mmarekani aitwaye Randy Bush, hadi mwishoni mwa 2002 ICANN ilipolikabidhi kwa KeNIC. Yaani kwa karibu miaka kumi, kitabu cha majina ya Kenya kilitegemea wema wa mtu aliyeishi mbali.

Kwa fundi wa nyumbani, kituo hiki ni cha kuchekesha. Namba zinafikika, majina hayafikiki, na simu inasema hakuna intaneti. Mara nyingi kitabu cha mtoa huduma wako ndicho kimegoma. Unaingia kwenye mipangilio, unaweka 8.8.8.8, ambacho ni kitabu ambacho Google walikifungua kwa umma Desemba 2009, na maisha yanaendelea.

Lakini kitabu cha majina pia ndicho mahali rahisi pa kumnyamazisha mtu. Machi 2014 serikali ya Uturuki iliifungia Twitter, na njia yake ya kwanza ilikuwa kuwaamuru watoa huduma wadanganye kitabuni. Watu wa Istanbul wakachukua rangi wakaandika ukutani: 8.8.8.8. Ile namba ya fundi ikageuka kauli ya siasa, na hakuna tarakimu hata moja iliyobadilika.

Kutoka Nairobi kwenda Nairobi

Tuseme kitabu ni kizima na traceroute inatoka nje ya mtaa wako. Sasa tuko mjini, kwenye kituo chenye kisa kitamu kuliko vyote.

Intaneti ya kibiashara ilifika Kenya katikati ya miaka ya tisini. Mojawapo ya majina yaliyojulikana ni Africa Online, iliyoanzishwa na Wakenya watatu waliosomea Marekani: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Walioingia saiba za wakati ule wanakumbuka modemu zikilia kama kuku anayekabwa. Lakini njia ya kutoka nje ya nchi ilikuwa ya mmoja. Telkom Kenya, iliyozaliwa mwaka 1999 baada ya shirika la zamani la posta na simu kuvunjwa, ilikuwa na haki ya kisheria ya kuwa peke yake, na njia yenyewe ilikuwa setilaiti.

Setilaiti hizo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwenda juu na kurudi chini mara moja ni robo ya sekunde. Sasa fikiria watoa huduma wawili, ofisi zao zote Nairobi, ambao hawajaunganishwa. Mteja wa mmoja anamwandikia barua pepe mteja wa mwenzake. Barua inapaa, inashuka Ulaya au Marekani, inabadilisha njia kule, inapaa tena, inarudi Nairobi. Kila safari inalipiwa kwa dola. Ni kama wa South B ampelekee mtu wa South C chumvi kupitia Amsterdam.

Dawa ilijulikana duniani kote: chumba kimoja chenye swichi moja, kila kampuni ilete waya wake, barua za humu zibaki humu. Watoa huduma walio chini ya chama chao, TESPOK, wakakijenga na kukiwasha Novemba 2000, kikiitwa KIXP. Hakikumaliza mwezi. Telkom ililalamika kwamba haki yake ya kuwa peke yake imevunjwa, na mdhibiti wa wakati huo, CCK, akaamuru kifungwe kwa kuwa hakina leseni. Jibu la wenye kampuni lilikuwa kwamba hawabebi chochote nje ya mipaka. Wanabeba Nairobi kwenda Nairobi. Ilichukua karibu mwaka mzima wa kubishana hadi leseni ikatolewa, na Februari 2002 swichi ikawashwa tena. Safari iliyokuwa ikichukua zaidi ya nusu sekunde ikawa ya milisekunde chache.

Fikiria hilo kwa lugha ya fundi. Kwa zaidi ya mwaka, mtandao wa Nairobi ulikuwa na hitilafu inayojulikana mahali ilipo na jinsi ya kuitengeneza, na dawa yake ikiwa imezimwa kwa barua. Hakuna waya uliokuwa umekatika. Ping ingekuonyesha ucheleweshaji. Isingekuonyesha barua.

Kituo kile kikaja kufaidi kila mtu. Baada ya kampuni kubwa kama Google kuweka seva zao za akiba humu nchini, video nyingi unazotazama hazitoki ng'ambo tena. Na hiyo ni dalili nzuri ya kupimia: YouTube ikifunguka lakini tovuti ndogo iliyo Ulaya ikagoma, huenda nyumba yako na mtaa wako viko sawa na shida iko mbele, baharini.

Nanga

Waya wa kwanza wa baharini kupita pwani hii haukubeba video. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ililaza kebo ya telegrafu kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Msumbiji na Durban. Ilijengwa kwa ajili ya dola la Waingereza, ili amri kutoka London zifike kabla ya meli.

Baada ya hapo tuliingia enzi ya dishi. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970, na kwa karibu miaka arobaini sauti na data za kimataifa zilitegemea anga. Wakati pwani ya magharibi ya Afrika ilikuwa tayari na faiba baharini, sisi tulikuwa tunalipa maelfu ya dola kwa mwezi kwa megabiti moja ya setilaiti. Nchi nyingi zilikaa mezani kujadili kebo ya pamoja, EASSy, na mazungumzo yakavutana kuhusu nani atamiliki na nani ataruhusiwa kuuza. Kenya ikachoka kungoja. Serikali, na katibu mkuu Bitange Ndemo akiwa msukumaji, ikaungana na kampuni za simu kujenga kebo yake hadi Fujairah, kwenye Falme za Kiarabu. Hiyo ndiyo TEAMS. Iliguswa nchi kavu Mombasa tarehe 12 Juni 2009, Rais Kibaki akiwepo. Mwezi uliofuata kebo ya SEACOM ikawashwa. EASSy yenyewe ikafuata mwaka 2010.

Uganda na Rwanda hazina bahari, kwa hivyo sehemu kubwa ya intaneti yao hupita kwetu. Waya ukikatika Mombasa, Kampala inasikia.

Na hukatika. Februari 2012 kebo kadhaa, EASSy ikiwemo, zilikatika katika Bahari ya Shamu. Wiki moja baadaye, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ikashusha nanga mahali palipokatazwa na kuikata TEAMS. Mwaka 2024 ulikuwa mbaya zaidi. Februari, SEACOM na zingine zilikatika tena katika Bahari ya Shamu. Aliyedhaniwa kuhusika ni nanga ya Rubymar, meli iliyopigwa kombora na Wahouthi na kuachwa ikielea. Halafu Jumapili ya tarehe 12 Mei, EASSy na SEACOM zikakatika upande wa kusini, kwenye maji ya Afrika Kusini. Njia ya kaskazini na ya kusini zikawa zimeumia pamoja, na nchi nzima ikatambaa.

Angalia jinsi hitilafu ya Mei ilivyokuwa na anwani. Wenye kebo walizitaja kwa majina, wakataja upande wa bahari, meli ya ukarabati ikatumwa kutoka Cape Town, na kazi ikachukua zaidi ya wiki mbili. Kukarabati waya wa baharini ni kuuvua kwa ndoano, kuuinua hadi kwenye meli, kuunganisha nyuzi za kioo nyembamba kama nywele, na kuurudisha chini.

Tarehe 25 Juni

Wiki sita baadaye, vijana walijaa barabarani kupinga Muswada wa Fedha. Jumatatu tarehe 24 Juni, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa taarifa kwamba haina nia ya kuzima wala kuvuruga intaneti. Jumanne tarehe 25, siku waandamanaji walipoingia Bungeni na watu wakapigwa risasi, intaneti ikaporomoka mchana huo. Waangalizi kama NetBlocks na Cloudflare waliliona anguko hilo kwenye vipimo vyao, na athari zikafika hadi Uganda, Rwanda na Burundi. Kampuni kubwa za simu zikasema ni hitilafu ya nyaya za chini ya bahari. Jioni hiyo hiyo mawasiliano yakaanza kurudi.

Hapa fundi anapaswa kuwa mwaminifu kuliko mwanaharakati na kuliko msemaji wa kampuni. Intaneti kurudi baada ya saa chache hakuthibitishi kwamba maelezo ya waya ni uongo: mzigo unaweza kuhamishiwa kebo nyingine, na hitilafu inaweza kuwa kwenye umeme wa kituo cha nchi kavu badala ya waya wenyewe. Lakini maelezo ya waya yana masharti yake, na Mei ilikuwa imetufundisha masharti hayo. Kebo ina jina. Mkato una mahali. Ukarabati una meli au fundi, na una tarehe. Mtu akikwambia gari lake limeharibika unamuuliza limeharibikia wapi, na swali hilo halimtukani mtu. Ndilo lile lile la korido.

Swali hilo halikuishia mtaani. Mwaka uliofuata, Mei 2025, Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda ya kuzuia uzimaji wa intaneti, katika kesi iliyoletwa na mashirika ya kiraia. Kati ya hapo, Novemba 2024, Telegram ilikuwa imefungiwa wakati wa mtihani wa KCSE, safari hii kwa maagizo ya wazi kutoka kwa Mamlaka. Hiyo nayo ni hitilafu yenye anwani: programu moja imelala, zingine zinafanya kazi, na traceroute ya kwenda kwingine iko salama.

Ping haina uwezo wa kumtaja mtu. Inaweza tu kusema ruta ilijibu, mtoa huduma alijibu, kituo cha Nairobi kilijibu, na baada ya Mombasa kukawa kimya. Hiyo inatosha kupunguza orodha ya wa kuulizwa. Aliyekuwa na vipimo vyake mwaka 2000 angejua kwamba shida haikuwa kwa mtoa huduma wake. Aliye na vipimo vyake siku ya maandamano anaweza kuviweka mbele ya mahakama kando ya vya wengine elfu, na mahakama husikiliza saa na dakika kuliko hasira.

Kwa hivyo siku simu itakapokuandikia yale maneno matatu, fuata njia. Ulizia korido. Tazama LOS. Piga ping kwa ruta, kisha 8.8.8.8, kisha jina la tovuti. Endesha traceroute, piga picha ya skrini, andika saa. Kama unashuku kuna tovuti iliyozuiwa, kuna programu ya bure iitwayo OONI Probe inayopima na kuweka matokeo hadharani, ila ujue kwamba yanaonekana na kila mtu. Siku nyingi utagundua ni waya nyuma ya kochi. Siku nyingine utakuta nyumba nzima ni salama, jirani naye hana, na vituo vinajibu hadi ufuo wa bahari. Siku hiyo usizime ruta. Hifadhi ile picha.